Njia ya Ufiome ilivyofika Schwerin

Ukisimama mjini Babati ukatazama mashariki, Mlima Kwaraa ndio huo, mara nyingi umejifunika ukungu. Ramani za Wajerumani ziliuita Ufiome. Aprili 1916, masika yakiwa yamekolea, wapanda farasi wa Jenerali Jaap van Deventer wa Afrika Kusini waliwatimua Wajerumani waliokuwa na kituo hapo, wakashika njia ya Kondoa. Mvua na maradhi viliwaua farasi wao kwa mamia.

Usiku wa Mei 9 kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliongoza mwenyewe shambulio la kuikomboa Kondoa. Alishindwa. Tangu hapo alikuwa mtu wa kurudi nyuma, hadi Msumbiji, kisha Rhodesia ya Kaskazini, akasalimu amri Abercorn, Mbala ya leo, Novemba 25, 1918. Vita Ulaya vilikuwa vimekwisha wiki mbili kabla, kwa saini ya Matthias Erzberger, mbunge ambaye zamani alizianika bungeni Berlin kashfa za makoloni.

Machi 2, 1919 Lettow-Vorbeck alipita Lango la Brandenburg juu ya farasi, umati ukimshangilia. Jamhuri mpya haikuwa imetimiza hata miezi minne. Wajerumani wenye uchungu wa kushindwa vita walimwona jemadari asiyeshindwa; Kondoa hawakuijua. Wapagazi waliofia njiani na vijiji vilivyonyang'anywa chakula hadi njaa ikaua watu, hao hawakutajwa kabisa. Na kama jeshi halikushindwa, nani basi aliyeiuza nchi? Wenye siasa kali walikuwa na jibu tayari: wajamaa, Wayahudi, na Erzberger na saini yake. Uongo huo ulilishwa kwa sifa zilizochumwa huku kwetu.

Alfajiri ya Machi 13, 1920 wanajeshi waasi wa Hermann Ehrhardt waliingia Berlin, baadhi wakiwa wamechora swastika kwenye kofia zao za chuma. Mwanasiasa mwenzao, Wolfgang Kapp, akajitangaza mkuu wa serikali. Serikali halali ikakimbilia Dresden, kisha Stuttgart. Lettow-Vorbeck, wakati huo kamanda huko Schwerin, aliwaunga mkono waasi na kuwaweka mawaziri wa jimbo kizuizini.

Jeshi lilikataa kuitetea jamhuri. Walioiokoa ni wafanyakazi: waligoma nchi nzima, treni zikasimama, maji na umeme vikakatika Berlin, magazeti hayakutoka. Kapp alikuwa na ofisi lakini hakuwa na mtu wa kumtii. Siku ya tano akakimbia. Lettow-Vorbeck akaondolewa jeshini.

Kisha zikaja risasi. Erzberger aliuawa Agosti 26, 1921 akiwa matembezini katika Msitu Mweusi. Juni 24, 1922 ikawa zamu ya Walther Rathenau, waziri wa mambo ya nje, ndani ya gari lake Berlin. Huyu naye aliikanyaga ardhi hii: mwaka 1907, Maji Maji ikiwa imezimwa, alikuja na waziri wa makoloni Bernhard Dernburg, na aliporudi aliukosoa ukatili waliotendewa Waafrika. Wauaji wote walitoka katika kundi la siri la watu wa Ehrhardt.

Mwaka 1928 Lettow-Vorbeck alichaguliwa kuingia bunge lilelile alimokuwa Erzberger, kwa tiketi ya chama cha mrengo wa kulia kilichoichukia jamhuri. Wauaji wa Erzberger walikuwa bado mafichoni ng'ambo. Mwaka 1933 Hitler alishika dola, nao wakasamehewa.