Okidi za harufu na jinsi ya kuzitunza katika joto la Mambrui

WAPENZI wa maua katika mji wa Mambrui, kaskazini mwa Malindi, hawahitaji kufunzwa thamani ya harufu. Asumini na kilua vinajulikana pwani tangu jadi. Okidi, hata hivyo, huwashinda wengi, hasa zile zinazoletwa kutoka misitu ya mawingu.

Misitu hiyo hupata sehemu ya maji yake kutokana na ukungu. Mfano wa karibu ni Ngangao, Mbololo na Chawia katika milima ya Taita, ambako upepo wa Bahari Hindi hupanda, ukapoa na kugeuka mawingu. Kilele cha Vuria kinapita mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa huko ni wa baridi.

Hudhaniwa kwamba okidi ya mlimani hufa pwani kwa kukosa unyevu. Sivyo. Hewa ya Mambrui ina unyevu mwingi. Kinachokosekana ni ubaridi wa usiku. Mmea hutengeneza chakula mchana na kukitumia saa zote, na joto la usiku huongeza matumizi hayo. Aerangis thomsonii, okidi nzuri ya misitu ya nyanda za juu, ikitundikwa barazani Mambrui hudhoofika polepole hata mwenyewe asijue imekufa lini.

Busara ni kuchagua jamaa zake wa nchi tambarare. Aerangis kirkii, yenye jina la John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar katika karne ya 19, hukua katika misitu ya pwani. Majani yake hupanuka kuelekea nchani, kisha ncha hugawanyika mfano wa mkia wa samaki. Maua ni meupe, na nyuma ya kila ua huning'inia mrija mwembamba wenye maji matamu. Harufu huja baada ya magharibi. Atakayelinusa ua hilo adhuhuri huenda akadhani halinukii kabisa.

Sababu ni nondo, wadudu wa usiku wanaobeba chavua. Mwaka 1862 Charles Darwin, alipochunguza okidi ya Madagascar yenye mrija wa karibu sentimita 30, alitabiri kwamba lazima kuwe na nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Nondo huyo alielezwa na wanasayansi mwaka 1903, Darwin akiwa amekwisha kufariki. Kwa hiyo ua jeupe, lenye mrija mrefu na linalonukia usiku, kwa kawaida ni la nondo, na alama hiyo humsaidia sana anayetaka kuitambua okidi.

Nyingine ni rahisi zaidi kutambua. Ansellia africana ina mashina yanayofanana na miwa midogo na maua ya manjano yenye madoa ya kahawia kama chui. Mizizi yake mingine husimama wima na kunasa majani makavu yanayogeuka mbolea. Vanilla roscheri hutambaa vichakani kama kamba ya kijani isiyo na majani, hadi siku inapotoa maua makubwa meupe.

Aerangis na Ansellia hazipandwi udongoni. Hufungwa kwenye kipande cha gome au kumbi la nazi, chini ya kivuli cha mwembe, mahali penye hewa lakini pasipofikiwa na upepo wa chumvi. Hazinyonyi mti, huushikilia tu. Mizizi ya Aerangis ikiwa na rangi ya kijivu ina kiu. Ikimwagiwa maji hugeuka kijani. Maji ya mvua ndiyo bora, kwani ya kisima chenye chumvi huunguza mizizi. Kumbi nalo liloweshwe siku kadhaa katika maji baridi na kubadilishiwa maji kabla ya kutumiwa. Wakati wa kaskazi, jua linapokuwa kali, kumwagilia alfajiri hufaa zaidi.

Kuchuma okidi katika msitu wa Arabuko-Sokoke bila kibali ni kosa. Inafaa kununua miche iliyooteshwa bustanini, ambayo pia huzoea nyumbani upesi. Anayetaka kumpelekea jamaa yake mche huko Oman anapaswa kujua kwamba okidi zote zimo katika mkataba wa CITES wa mwaka 1973, na hazivuki mpaka bila hati.