Mkono Mzuri Unahitaji Karatasi

Hapa Malaba ukisema "mpira," kila mtu anafikiria wa miguu. Lakini fuata barabara hii hii ya malori kuelekea Kampala, utapita Lugazi, na Lugazi ina historia yake kwenye besiboli.

Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilishinda mashindano ya kanda kule Kutno, Poland, ikapata nafasi ya kwenda Marekani kwenye fainali za dunia za Little League. Haikufika. Viza zilikataliwa kwa sababu umri na tarehe za kuzaliwa za baadhi ya watoto hazikulingana kwenye karatasi. Saudi Arabia ikaenda badala yao. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi wakafika, timu ya kwanza kutoka Afrika. Mwaka 2015 Uganda ikaichapa Jamhuri ya Dominika 4-1.

Leo kuna David Matoma, Mganda aliyesaini na Pittsburgh Pirates akiwa bado kijana mdogo. Yeye ni mrushaji wa akiba. Mchezo una vipindi tisa. Mrushaji wa kwanza akichoka au akizidiwa, kocha anaita mwingine. Huyo anaweza kuingia wapinzani wakiwa tayari vituoni. Hakuwaweka yeye, lakini ni kazi yake kuwazuia. Anarusha mipira 15 au 20, basi, anatoka. Mwaka 2024 Matoma alikuwa Bradenton, Florida, kwenye timu ya ngazi ya chini ya Pirates. Mpira wake unakaribia maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Wakati huo bado kulikuwa na ngazi kadhaa mpaka ligi kuu.

Sisi tunamwelewa mtu wa kazi hiyo. Tuliingia mchezo ukiwa umeshaharibika, na hatukuuharibu sisi.

Lakini tunawafikiria zaidi wale watoto wa 2011. Mikono walikuwa nayo. Karatasi ndizo ziliwaangusha. Wengi wetu kadi zetu zinasema tulizaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu siku ya kuandikishwa hakuna aliyekuwa na cheti.

Kwa hiyo ndugu zetu, tunzeni kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, ripoti ya shule, chochote chenye tarehe. Na nyinyi mnaotuhudumia, mkituletea mipira tutashukuru sana. Ila tusaidieni pia kurekebisha tarehe hizo mapema, kabla nafasi haijaja.