Hewa ya Great Barr

Mwaka 1771 Joseph Priestley alitia tawi la mnanaa katika chombo kilichojaa hewa iliyokwisha kuharibiwa na mwali wa mshumaa. Siku kadhaa baadaye mshumaa uliweza kuwaka humo tena: mmea ulikuwa umeitakasa hewa. Alipohamia Birmingham mwaka 1780, alijiunga na Lunar Society, kundi la wanasayansi na wenye viwanda waliokutana majumbani. Mojawapo ya nyumba hizo ilikuwa Great Barr Hall, aliyoipanga Samuel Galton, mtengenezaji wa bunduki. Katika kundi hilo alikuwemo pia James Watt, ambaye injini zake za mvuke zilitumia makaa ya mawe.

Leo barabara kuu ya M6 inapita Great Barr. Moshi wa magari una naitrojeni dioksidi, inayowazidishia shida wenye pumu. Juni 2021 Birmingham ilianza kuyatoza magari machafu, lakini tozo hiyo inaishia katikati ya jiji; Great Barr imebaki nje.

Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru walidhuriwa na risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Kiwanda kina lango na mwenyewe. Barabarani kila dereva huchangia kidogo, na mgonjwa hana wa kumshtaki. Tangu mnanaa wa Priestley ujuzi umekuwapo. Kilichopungua ni mwenye kuwajibika.