Makaburi ya Tokolote na daktari wa ubongo wa maiti

Tarehe 11 Novemba 1961 ndege mbili za mizigo za jeshi la anga la Italia, aina ya C-119, zilitua Kindu, Maniema, mashariki mwa Kongo, na vifaa vya askari wa Malaya waliokuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Wanajeshi wa Kongo wakawadhania askari wa anga 13 wa ndege hizo kuwa mamluki wa Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyokuwa imejitenga. Wakawakamata, wakawapiga, na hakupona hata mmoja. Kwa wiki nyingi miili haikuonekana, na uvumi ukapata nafasi: magazeti ya Ulaya yakaandika kwamba maiti zimekatwakatwa na kutupwa mto Lualaba, mengine yakaongeza kuwa nyama iligawiwa watu. Mwanzoni mwa mwaka 1962 miili ikapatikana imezikwa kijijini Tokolote, katika makaburi mawili ya pamoja, na mwezi Machi masanduku 13 yakafika Pisa, kwenye kambi yao. Mauaji yale yalikuwa uhalifu, na kaburi halikuupunguza. Lakini askari waliofyatua risasi ni jambo moja, na mji mzima kuitwa wala watu ni jambo lingine. Kilichotenganisha mambo hayo mawili ni maiti zenyewe, wala si maneno ya shahidi yeyote.

Hata hivyo maiti zile zilikuwa zimechelewa. Ubongo ni laini kuliko viungo vingi, na katika udongo wenye unyevu wa Maniema miezi mitatu mara nyingi inatosha kuuharibu. Fuvu hubaki, na fuvu husema kiasi: risasi inapoingia huacha tundu dogo nje na pana ndani, inapotoka huacha kinyume chake. Lakini mtu aliyepigwa virungu mchana akapigwa risasi usiku ana historia ndefu kuliko tundu la risasi. Nyuzi za ubongo zilizokatika kwa kishindo huvimba na kukusanya protini ambayo, kwa rangi maalumu chini ya hadubini, huanza kuonekana mtu akiwa ameishi saa mbili au tatu baada ya kuumia. Damu iliyoganda chini ya utando wa ubongo nayo ina umri unaosomeka. Kusoma alama hizo mbele ya hakimu ndiyo kazi ya daktari wa neuropatholojia ya mahakama.

Mfano mkubwa barani kwetu ni Steve Biko, mwanaharakati wa Afrika Kusini aliyepinga ubaguzi wa rangi, aliyefariki Pretoria tarehe 12 Septemba 1977 akiwa mikononi mwa polisi. Waziri wa Sheria Jimmy Kruger alidai kwamba marehemu alikuwa amegoma kula. Ubongo ulisema vingine. Profesa Neville Proctor, aliyeuchunguza ubongo huo, alieleza majeraha aliyoyaona, na dai la njaa likaanguka. Polisi wakalazimika kutafuta hadithi nyingine, ya kujigonga ukutani katika purukushani. Hapa mwenye shaka atasema: sawa, lakini hakimu Prins aliamua Desemba mwaka uleule kwamba hakuna wa kulaumiwa, basi sayansi ilisaidia nini? Ilisaidia hivi: uongo wa kwanza haukurudi tena, na miaka 20 baadaye, polisi walipoomba msamaha mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, walilazimika kuzungumzia kichwa kilichoumizwa. Daktari hatoi hukumu. Huondoa hadithi zisizowezekana.

Njia ya kuifikia kazi hii ni ndefu, na kwa maoni yangu inastahili kuwa ndefu. Miaka sita au saba ya udaktari, kisha karibu minne au zaidi ya patholojia, miwili ya ubongo na mishipa ya fahamu, na mafunzo ya uchunguzi wa mahakama juu yake. Anayeruka hatua anaweza kuona damu iliyotokana na mshipa uliopasuka wenyewe akaiita kipigo, na mtu asiye na hatia akafungwa Kindu kwa kosa hilo.

Hapo ndipo pingamizi kubwa linapokuja: hospitali hazina dawa za kutosha kwa walio hai, bingwa wa namna hiyo wa nini? Pingamizi lina uzito, lakini linakosea mahali pa kuanzia. Kindu haihitaji bingwa wake. Inahitaji ubongo usiharibike kabla ya kumfikia bingwa aliyeko mbali. Daktari wa kawaida aliyefundishwa kufungua fuvu huupima ubongo (wa mtu mzima ni karibu gramu 1,400), hupitisha uzi chini ya mshipa mkuu wa damu ulio chini yake, na kuuning'iniza kichwachini ndani ya ndoo ya fomalini usije ukalala kwenye kitako chake na kubonyea. Baada ya wiki mbili umekuwa mgumu wa kutosha kukatwa vipande, na unaweza kupanda ndege kwenda Kinshasa bila kupoteza ushahidi.

Familia nyingi, hasa katika jimbo ambalo Uislamu una mizizi tangu enzi za miji ya biashara ya Nyangwe na Kasongo, hutaka maiti izikwe mapema, nzima. Sioni ubishi hapa: wanazuoni wengi wameuruhusu uchunguzi pale haki inapoudai, na mwili unaweza kuzikwa siku ileile, ubongo ukabaki ofisini kwa idhini iliyoandikwa, kisha ukarudishwa na kuzikwa. Familia inahitaji kuelezwa hilo kabla ya kisu, siyo baada yake. Kwa hiyo wabunge wa Maniema wakikaa kwenye bajeti, waulize kwanza kuhusu fomalini, ndoo, karatasi za idhini na nauli ya sampuli. Bingwa atafuata.