Mapenzi na Ukombozi katika Filamu za Sarah Maldoror juu ya Angola

Katika filamu nyingi zihusuzo vita vya ukombozi, mapenzi hufanywa kiungo tu cha kumburudisha mtazamaji aliyechoshwa na milio ya bunduki. Mume na mke huonyeshwa wakiagana, kisha mke husahauliwa na mume hufuatwa hadi msituni. Filamu mbili za Sarah Maldoror juu ya Angola zaipinga desturi hiyo. Aidha zawahusu wanalugha, kwani ile ya kwanza imejengwa juu ya neno moja tu ambalo mtawala alishindwa kulielewa.

Maldoror alizaliwa Ufaransa mwaka wa 1929, baba yake akiwa mtu wa Guadeloupe. Alisomea utengenezaji wa filamu mjini Moscow, na mwenzi wake wa maisha alikuwa Mário Pinto de Andrade, mmoja wa waasisi wa chama cha MPLA. Hadithi za filamu zote mbili alizitwaa kwa José Luandino Vieira, mwandishi aliyezaliwa Ureno akalelewa Luanda. Filamu ya kwanza ilipokuwa ikipigwa nchini Algeria, mwishoni mwa miaka ya 1960, Vieira mwenyewe alikuwa mfungwa wa Wareno katika kambi ya Tarrafal, visiwani Cape Verde.

Filamu hiyo, ambayo ni fupi mno, yaitwa Monangambée. Jina lenyewe ni la Kikimbundu, na mjuzi wa lugha za Kibantu atatambua mara moja kwamba mona ni ndugu wa mwana. Ngamba ni mchukuzi wa mizigo. Ndilo jina walilobandikwa vibarua wa mkataba. Kisa chake ni hiki. Mwanamke amemtembelea mumewe gerezani, na kabla ya kuondoka amwahidi kwamba atamletea completo. Mlinzi asikia. Kwa Kireno cha Lisbon, fato completo ni suti nzima, koti na suruali. Wakuu wa gereza wakaamini kwamba ndani ya suti hiyo itashonewa barua ya siri, na mfungwa akateswa ili aungame. Kumbe katika mitaa ya makabwela wa Luanda neno hilo lilikuwa jina la chakula: samaki, maharagwe na ndizi kwa mafuta ya mawese.

Mlinzi hakushindwa na lugha ya kigeni. Neno ni la Kireno, lakini watu wa Luanda walikuwa wamelichukua na kulipa maana yao. Jambo hili si geni kwa Waswahili, ambao neno lao gereza asili yake ni neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Lililo chungu katika filamu ni kwamba hapakuwa na siri yoyote. Mke alitaka mumewe ale. Utawala uliokosa kufikiri kwamba Mwafrika aweza kumpenda mwenziwe haukuona katika maneno yao ila njama.

Sambizanga, iliyopigwa mwaka wa 1972 katika Kongo-Brazzaville, ni ndefu zaidi na inasifika zaidi. Domingos Xavier, mfanyakazi wa mradi wa ujenzi, atolewa nyumbani kwa nguvu na polisi, atupwa ndani ya lori na kupelekwa Luanda. Atakiwa amtaje Mzungu aliyeshirikiana naye. Akataa, na apigwa hadi kufa. Katika kitabu, uzito mkubwa umo katika mateso hayo na katika watu wanaopashana habari mjini. Maldoror aliugeuza uzito huo. Maria, mke wa Domingos, ambaye aliigizwa na Elisa Andrade wa Cape Verde, amfunga mtoto mgongoni na kushika njia. Atembea. Afika kwenye ofisi moja, aambiwa aende nyingine. Afika huko, aambiwa mtu huyo hajulikani. Kamera haina haraka naye: barabara ni ndefu, na mtazamaji hana budi kuitembea pamoja naye.

Wapo waliolaumu. Ilisemwa kwamba picha ni nzuri kupita kiasi na kwamba bunduki zi wapi. Lawama hizo hazina mashiko. Maria hajui lolote juu ya chama. Anachokijua ni kwamba mumewe ametwaliwa bila kosa. Kwa kumtafuta tu, awalazimisha maofisa wakiri au wakane, na kila anapokanwa ndivyo mtazamaji anavyouona utawala wenyewe ulivyo. Hakuna hotuba ambayo ingeweza kufanya kazi hiyo.

Penye udhaifu ni mwishoni, ambapo filamu inayafungamanisha masaibu ya Domingos na shambulio la tarehe 4 Februari 1961, wakati watu waliobeba hasa mapanga walipovamia magereza ya Luanda kuwatoa wafungwa wa kisiasa. Filamu yaihesabu siku hiyo kuwa ya MPLA. Wanahistoria wamebishana sana juu ya nani hasa aliyeliandaa tukio hilo, na wengine humtaja padri Manuel das Neves. Filamu iliyotengenezwa na watu wa chama, vita vikiwa bado vinaendelea, haikutarajiwa kuuingia mjadala huo. Lakini atakayeitumia kufundishia historia lazima auingie.

Mwaka wa 1972 Sambizanga ilipata tuzo kuu ya tamasha la Carthage, ikigawana na Les Dupes ya Tewfik Saleh. Maldoror alifariki mwaka wa 2020, na mwaka uliofuata nakala iliyokarabatiwa ikaanza kuonyeshwa. Ndani yake husikika Kireno, Kikimbundu na Kilingala. Karibu na mwisho, habari ya kifo cha Domingos yafika dansini. Fundi cherehani Mussunda asimamisha muziki, awatangazia waliohudhuria, kisha aamuru upigwe tena. Maria hayupo pale. Yuko kwa wanawake waliompokea mtoto wake mikononi.