Sita ya Konyo Konyo

Ubao wetu wa ludo ni wa plaiwudi, umefunikwa kioo, na pembe yake ya kijani iliunguzwa na sigara ya mtu ambaye mpaka leo hajakiri. Unakaa barazani kwa duka langu la spea za pikipiki, Konyo Konyo, Juba. Kwa kuwa ubao ni wangu, ugomvi wa dadu unaletwa kwangu. Nimeshatoa hukumu nyingi, na baadhi yake najua nilikosea.

Mimi ni mtu wa Likoni. Nilikuja hapa 2007, miaka miwili baada ya mkataba wa amani kutiwa saini Nairobi. Waganda walikuwa wametangulia kwa barabara ya Nimule, enzi za vumbi na mashimo. Lami ya zile kilomita 192 ilikamilika 2012. Kila aliyeshuka kwenye lori alikuja na mzigo wake na sheria zake za kurusha dadu. Mwanzoni hatukuwa na lugha moja ya kugombania. Mzee mmoja wa kabila la Bari aliyekaa nami kila alasiri alisema Kiarabu cha Juba, mimi Kiswahili cha pwani, fundi redio wa Arua alichanganya vyote. Lakini dadu ikituama, wote tulipiga kelele neno lilelile: sita! Waarabu walitugawia sote.

Sita ndiyo mlango. Bila sita kete haitoki nyumbani, na ukiipata unarusha tena. Nilidhani ni ujanja wa Waingereza, maana ndio waliosajili ludo kwao 1896. Kumbe wao waliinyoa tu pachisi ya Wahindi, ambayo jina lake ni ishirini na tano, alama yake kubwa. Huko hurushwa kauri na kuhesabiwa zilizolala mdomo juu, na atakayepata 6, 10 au 25 huongezewa zamu. Waingereza wakaleta dadu ya pande sita na kikombe, wakaibakiza ile nyongeza ya zamu. Na kando ya mto huuhuu wa Nili, kule chini Misri, palikuwa na mchezo wa tab, wa vijiti vinne vyenye upande mweupe. Edward Lane aliueleza katika kitabu chake cha 1836: kijiti kimoja tu kikilala weupe juu, hiyo ndiyo tab, na kabla ya kuipata huanzi safari. Kumngojesha mtu mlangoni ni desturi kongwe kuliko ubao wangu.

Sheria za baraza letu zilizaliwa na shida. Mtaro ulio mbele ya duka ulimeza dadu mbili katika wiki moja. Tangu hapo dadu iliyotoka nje ya ubao haihesabiwi, na aliyeirusha ndiye anayeingia mtaroni. Kikombe cha bati kilikuja baada ya kijana mmoja wa bodaboda kutuonyesha, kwa majivuno, jinsi anavyoilaza dadu kwa kidole gumba. Sita tatu mfululizo kwetu Likoni zilifutwa zote. Mzee alikataa kabisa. Mtu amebarikiwa mara tatu, nanyi mnamnyang'anya? Nafasi ya kuzipata ni 1 kati ya 216, nikaona ana haki. Nikaamua mbili za kwanza zibaki, ya tatu isichezwe. Hakuridhika yeye, hawakuridhika wengine.

Kisha usiku wa tarehe 15 Desemba 2013 risasi zilianza. Siku ya pili ikatangazwa amri ya kutotoka nje, saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Nilifunga duka. Tuliporudi barazani tulikuwa wachache, na mama aliyetuuzia chai hakuwepo. Habari za viti vingine vilivyokuwa wazi sikuuliza.

Ludo ya watu wanne hula muda mrefu, na sehemu kubwa ni kungoja mlangoni. Kwa dadu moja, katika kila watu watano wawili hivi watarusha mara tano bila kuiona sita. Zamani tulicheka. Sasa aliyekaa mtaa wa Gudele alitazama jua, si ubao. Siku moja tuliacha mchezo kete zikiwa njiani, na asubuhi kila mtu alikumbuka kivyake zilipokuwa. Hapo ndipo nikatoa hukumu ninayojivunia: kila mchezaji aanze na kete moja tayari nje. Fundi wa Arua akaongeza dadu ya pili, kama kwao, na nafasi ya kupata angalau sita moja ikapanda hadi 11 kati ya 36. Mchezo ukawa unaisha watu wakiwa bado na mwanga wa kuendea nyumbani. Amri ilipoondolewa, hakuna aliyependekeza turudi nyuma.

Mwaka jana mpwa wa mzee alikuja kutoka Melbourne na kifuko cha dadu za Dungeons & Dragons, mchezo wa Wamarekani wa 1974, ambamo watu hujifanya mashujaa na mwongozaji mmoja wa meza huamua dadu imesema nini. Nilimwambia kazi hiyo naijua. Akamimina dadu kwenye kioo. Mzee akaokota ile ya pande ishirini, akaisogeza karibu na macho, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Sita fi wen?" akauliza. Sita iko wapi?

Kijana akaitafuta kwa muda, akamwonyesha. Mzee akaitia kwenye kikombe cha bati, akatikisa, akairusha. Ikabiringika muda mrefu, ikapita pembe iliyoungua, ikadondoka mtaroni.

Sote tukamtazama.