Moto wa Jua na Gesi ya Rukwa

Atokaye Sumbawanga kwenda Mtowisa huiacha baridi ya uwanda wa juu wa Ufipa, akateremka ukingo mrefu wa milima hata bonde la joto la Ziwa Rukwa. Mwaka 2016 wataalamu wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba chini ya bonde hilo mna heliamu nyingi. Mwaka 2024 gesi hiyo ilipatikana katika kisima cha Itumbula West-1, upande wa kusini. Kwa kuwa heliamu hutumika katika roketi, na jina lake latokana na Jua, ni rahisi mtu kudhani kwamba Rukwa imepata kuni za safari za nyota. Dhana hiyo yastahili kupimwa, maana asiyejua thamani ya mali yake hupangiwa bei na mnunuzi.

Heliamu ilitambuliwa kwanza katika nuru ya Jua, mwaka 1868. Duniani William Ramsay aliipata mwaka 1895. Mwaka 1920 Arthur Eddington alisema kwamba yumkini Jua hupata nguvu zake kwa kuunganisha hidrojeni iwe heliamu. Tangu hapo wanadamu wametamani kuuteka moto huo.

Miongoni mwao walikuwamo watu wa ridhaa. Chama cha British Interplanetary Society kiliundwa Liverpool mwaka 1933 na Philip Cleator, wakati ambapo safari za angani zilichekwa. Kati ya mwaka 1973 na 1978, kikundi cha wanachama wake kikiongozwa na Alan Bond kilitumia saa za mapumziko, bila ujira, kusanifu chombo kilichoitwa Daedalus. Chombo hicho kingebeba tani 50,000 za deuteriamu na heliamu-3. Vidonge vya mafuta hayo vingelipuliwa 250 kila sekunde, na chombo kingefikia asilimia 12 ya mwendo wa nuru, kiifikie nyota ya Barnard kwa muda wa miaka kama 50.

Hapo ndipo dhana ya Rukwa inapoanguka. Heliamu-3 ni adimu mno duniani, hata wabunifu hao walikusudia kuichota katika anga ya Mshtarii. Heliamu ya Rukwa ni heliamu-4, iliyozaliwa polepole katika miamba ya kale kwa kuoza kwa urani na thori, kisha ikafunguliwa na joto la Bonde la Ufa. Haiwaki, wala haifai kuwa kuni za chombo hicho.

Lakini isiyofaa kwa kuni yaweza kufaa kwa tanuri. Wahunzi wa Ufipa waliyajua hayo zamani. Ilungu, tanuri lao refu la udongo, lilivuta hewa lenyewe pasipo mivukuto, na kuta zake ziliuhifadhi moto siku kadhaa mpaka mawe yakatoa chuma. Moto wa kuunganisha viini vya atomu hufika mamilioni ya nyuzi. Hakuna udongo uwezao kuuzuia. Katika mitambo mingi ya majaribio ukuta wake ni nguvu ya sumaku, na sumaku zilizo kubwa hupozwa kwa heliamu ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Heliamu ya Rukwa, basi, ni udongo wa ilungu jipya.

Desemba 2022, maabara ya Livermore huko Marekani ilipata megajuli 3.15 kutoka katika megajuli 2.05 za miale ya leza, ijapokuwa leza zenyewe zilikula umeme mwingi zaidi. Hakuna chombo kilichokwisha kuruka kwa moto huo. Hata hivyo hesabu za Daedalus zingali zinasomwa, kwa sababu wenyewe waliziandika waziwazi, tani kwa tani, ili kila mtu aweze kuzikosoa. Hesabu ya namna hiyo ndiyo inayolipasa bonde la Rukwa pia: gesi ni kiasi gani, ni ya aina gani, yahitajiwa na nani, na kwa bei gani.